Usaili wa Mama

Mama yangu alifanyiwa usaili wa kwanza maishani mwake akiwa na miaka hamsini na mbili. Aliyemfundisha namna ya kujibu maswali nilikuwa mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimeshaingia kwenye vyumba vya usaili mara tano na kutoka mikono mitupu mara zote tano.

Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kumtaka Mama aeleze kwa nini anafaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipika chakula Kigongo, kwenye kibanda cha mabati hatua chache kutoka mahali magari yalipopanga foleni kusubiri pantoni ya kwenda Busisi. Mtu alishuka garini, akanusa, akakaa, akala. Akirudi wiki inayofuata, Mama alijua amefaulu. Daraja la kuvuka ziwa badala ya pantoni lilipofunguliwa, naye alipanda gari akavuka hadi ng'ambo na kurudi, kwa raha tu, kisha akanipigia simu kulisifu.

"Ni zuri sana, baba," aliniambia. Mama huniita baba akiwa na furaha, na pia akiwa na huzuni asiyotaka niione. "Ila gari likikimbia vile, abiria hanusi kitu."

Miezi miwili baadaye alifunga kibanda, akaja kukaa nami Nyakato, jijini Mwanza, kwenye chumba na sebule nilichokuwa nimepanga. Mimi niliuza vifaa vya ujenzi katika duka moja mjini. Nilikuwa nikiondoka asubuhi namwacha amekaa kitandani, na nikirudi jioni namkuta amefua nguo zangu zilizokuwa safi. Alipika chakula cha watu sita tukala wawili, kingine akawagawia wapangaji wenzetu. Walimpenda haraka sana. Lakini nilimwona akinawa mikono mara kwa mara bila sababu, kama mtu anayejiandaa kwa kazi ambayo haiji.

Siku moja dukani nilitumwa kupeleka rangi kwenye hospitali ndogo ya binafsi, nikaona tangazo limebandikwa mlangoni. Walikuwa wanatafuta mpishi wa wagonjwa. Awe msafi, awe na uzoefu wa miaka mitano, awe amemaliza darasa la saba.

Barua ya maombi niliiandika mimi usiku uleule. Nilipofika kwenye elimu nikasita. Mama aliishia darasa la nne, mwaka ambao bibi aliugua na mtu wa kubaki nyumbani akawa yeye. Nikaandika "la saba". Nani angedai cheti cha miaka arobaini iliyopita? Kisha nikamsomea barua yote kwa sauti. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye neno lile, mkono wake ulisimama juu ya ungo, halafu ukaendelea. Hakusema kitu, nami nikachukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwenye usaili, na hapo ndipo nilipotoa daftari langu.

Daftari hilo lilikuwa na maswali yote magumu niliyowahi kuulizwa, pamoja na majibu niliyoyaokota mtandaoni. Sijui kwa nini niliendelea kuyaamini. Niliwahi kuulizwa udhaifu wangu ni upi, nikajibu kwamba napenda kazi kupita kiasi; watu wote watatu waliokuwa mezani wakacheka, mmoja akaniambia mimi ni wa nne kusema hivyo tangu asubuhi. Mahali pengine niliulizwa ninajiona wapi baada ya miaka mitano, nikamjibu meneja, "Kwenye kiti chako." Mtandaoni walisema jibu hilo linaonyesha ujasiri. Meneja hakutabasamu, na nilipotoka aliniomba nifunge mlango vizuri.

Hata hivyo, jioni ile nilimkalisha Mama kwenye kiti, nikakaa mbele yake na daftari mapajani.

"Karibu, mama. Tuambie kidogo kuhusu wewe."

"Unanijua."

"Mama, hapa mimi siyo mwanao. Mimi ni msaili."

"Umeacha lini kuwa mwanangu?"

"Kwa nusu saa tu."

Akafikiri. "Basi nusu saa hiyo usiegemee ukuta, utachafua shati."

Nikamuuliza udhaifu wake ni upi. Akajibu, "Magoti." Nikamwambia siyo wa mwili, wa tabia. Akasema akiona mtu anaacha chakula kwenye sahani hukasirika. Nikamwambia jibu hilo halifai kabisa kwa mpishi wa hospitali. Aseme udhaifu wake ni kutaka kila kitu kiwe kamilifu. Akajaribu kulisema. Mama akiwa na wasiwasi hutamka l mahali pa r, na hata maneno aliyoyazoea humponyoka. Neno "kamilifu" halina r, lakini alilitamka kama kitu cha moto kilichowekwa mdomoni.

Tulifanya hivyo jioni nne. Swali ninalolikumbuka zaidi ni hili: mgonjwa akikataa chakula chako utafanyaje? Hilo nililitunga mwenyewe, nikaliandikia na jibu: "Nitamshauri kwa upole na kumweleza umuhimu wa lishe bora kwa afya yake." Mama alilikariri akiwa anakoroga maharage. Jioni ya mwisho alilisema lote bila kukwama, nikampigia makofi.

Siku yenyewe alivaa gauni lake la kanisani la rangi ya samawati na viatu vilivyombana. Tulitembea taratibu ili asitoke jasho. Kwenye veranda ya hospitali tuliwakuta wasichana watano kwenye benchi, kila mmoja na faili lake lenye vyeti vya upishi. Wote wakamwamkia Mama: "Shikamoo." Akawaitikia mmoja mmoja, akaketi, akaiweka bahasha yake magotini. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa, basi.

"Wana vyeti," akaninong'oneza.

"Wewe una uzoefu."

"Mmoja ana kikohozi. Jikoni kikohozi si kizuri. Anahitaji tangawizi."

Chumba cha usaili kilikuwa ukumbi wa kulia chakula, wenye madirisha ya wavu yanayotazama veranda. Kwa hiyo tuliokuwa nje tulisikia kila kitu, na kila aliyetoka alitukuta tunatazama miguu yetu kwa adabu. Mezani walikuwa watatu. Katibu wa hospitali alikuwa kijana wa rika langu mwenye tai. Pembeni yake alikaa muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini. Wa tatu alikuwa bibi mwembamba wa Kihindi, wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi hapa Mwanza. Nilisikia baadaye kwamba ndio waliolijenga jiko la hospitali.

Mama alipoitwa alivua viatu mlangoni. Nilitaka kumwambia avivae, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Shikamoo, mama," katibu alisema, kisha akakohoa kidogo, kama aliyekumbuka kuwa yeye ndiye mkubwa pale.

"Marahaba, mwanangu."

Bibi wa Kihindi yeye akamsalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Nikasikia Mama anacheka, kicheko cha kweli cha kibandani. Nikashusha pumzi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alijieleza. Alisema alipika Kigongo miaka ishirini na mmoja. Walipomuuliza kwa nini aliacha, akasema, "Sikuacha. Wateja walipata njia fupi. Nami ningekuwa na gari ningepita."

Halafu katibu akaipekua barua. "Elimu yako ni darasa la saba?"

Kimya. Nilijua kimya kile. Ni kile cha mkono juu ya ungo.

"La nne," Mama akasema.

"Hapa pameandikwa la saba."

"Nimeona. Siyo kweli."

"Barua ni yako?"

"Ni yangu. Mwanangu aliandika kwa sababu alitaka nipate kazi. Lakini alinisomea yote, nami nikasikia, nikanyamaza. Kwa hiyo kosa ni langu. Yeye msimlaumu, yupo hapo nje, ni mtoto mzuri."

Wasichana wote kwenye benchi wakageuka kunitazama. Mimi, mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nilitamani sakafu ya veranda inimeze. Mwenye kikohozi akanionea huruma, akasogea kidogo nipate nafasi ya kukaa.

Ndani, katibu hakuwa amemaliza. Namwelewa sasa, alikuwa anafanya kazi yake. "Mama, samahani. Hapa kila asubuhi inatoka orodha. Mgonjwa huyu asile chumvi, huyu asile sukari. Mtu asiyesoma vizuri anaweza kumdhuru mgonjwa. Utafanyaje?"

Swali hilo halikuwa kwenye daftari.

"Kusoma najua," Mama akajibu, "ila polepole, na herufi ziwe kubwa. Nitakuja mapema. Nitaisoma karatasi hiyo mpaka niimalize kabla sijawasha moto. Nikikwama nitamuuliza sista. Sitakisia. Kule Kigongo nilikuwa na madereva watatu wa kisukari. Sikuwaandika popote, lakini chai yao haikuwahi kuingia sukari, hata siku ya msukosuko."

Nilisikia muuguzi mkuu akiguna, siyo kwa ubaya.

Kisha bibi wa Kihindi akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa, kama cha kwetu. "Na mgonjwa akikataa chakula chako, mama? Umepika vizuri, umempelekea, anageuza uso. Utafanyaje?"

Hilo tulikuwa nalo.

"Nitamshauri kwa upole," Mama akaanza, "na kumweleza umuhimu wa..." Nilikuwa namalizia sentensi kwa midomo, bila sauti, nyuma ya wavu. "Hapana," akasema. "Hayo ni ya kwenye daftari la mwanangu. Ngoja niseme langu."

"Sema," bibi akamwambia.

"Mtoto wangu wa kwanza aliugua akiwa na miaka mitano. Vidonda kinywani mpaka kooni. Akawa hali. Nampikia uji, anageuza uso. Nampikia wali, anageuza uso. Nikafikiri anadeka. Nikamgombeza. Siku tatu namgombeza mtoto mgonjwa. Ya nne nikachoka kugombeza. Nikakaa chini, nikamuuliza: sasa wewe unataka nini? Akaniambia anataka mchuzi wa samaki, lakini samaki asiwemo, na uwe umepoa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nikauchemsha, nikauchuja kwenye kitambaa mara mbili, nikaupooza. Nikamnywesha kwa kijiko kidogo tangu asubuhi mpaka mchana. Akaumaliza. Akanywa kesho yake, na kesho kutwa. Siku kumi na moja."

"Akapona?" katibu akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hapana. Hakupona. Lakini hakufa na njaa."

"Kwa hiyo mgonjwa akikataa, sitamshauri," Mama akaendelea. "Nitamuuliza. Kama anachokitaka hakikatazwi na daktari, nitakipika. Kama kimekatazwa, nitarudi nimwambie kimekatazwa, ili ajue kuwa nilikwenda kuuliza."

Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Kuhusu kaka yangu nilijua jambo moja tu: kwamba aliwahi kuwepo. Nililisikia utotoni kwa shangazi, kwa bahati mbaya, na aliponiona nimesikia alibadilisha mazungumzo. Nyumbani hapakuwa na picha yake, wala Mama hakuwahi kumtaja. Nami sikuwahi kuuliza; nilidhani kutouliza ndiyo heshima. Sasa alikuwa amemtaja mbele ya watu watatu asiowajua, kwenye usaili, nami nimesimama nje ya dirisha.

"Asante, mama," muuguzi mkuu akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Asante sana."

Alitoka, akavaa viatu, akaniambia twende. Tukatembea mpaka barabarani.

"Nimeharibu," akasema. "Nimesema la nne."

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa barua. Kwa kukuvalisha uongo."

"Ulitaka nipate." Akanishika kiwiko, maana viatu vilikuwa vinamuumiza. "Nina njaa. Asubuhi sikula, nilihofia tumbo lingenguruma mbele za watu."

Tukashuka hadi ufukweni, kwenye mgahawa mdogo wa samaki unaotazamana na mawe makubwa yaliyomo majini. Korongo walikuwa wamesimama juu ya mawe yale wakisubiri utumbo wa samaki, kimya, kama wasailiwa. Mama akaagiza sato wa kuchemsha. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema ndimu imewekwa mapema mno. Halafu akammaliza.

Nilimwacha amalize. Nikamwambia, "Mama, nilisikia."

"Najua. Nilijua upo dirishani. Unapumua kama baba yako."

"Alikuwaje?"

Akanawa mikono, akaikausha kwenye upindo wa gauni la kanisani, jambo ambalo asingelifanya siku nyingine. "Alikuwa mbishi," akasema. "Alikuwa anavaa kiatu kimoja. Cha kushoto alikikataa kabisa, hatujui kilimkosea nini. Akitumwa anakwenda na kiatu kimoja, anarudi na kiatu kimoja." Akaanza kucheka, nami nikacheka, na mhudumu wa mgahawa akatutazama. "Magari yakishuka kwenye pantoni alikuwa anayapungia mkono yote, hata malori ya ng'ombe. Asipopungiwa, analia."

"Nafanana naye?"

Akanitazama muda mrefu, kama anayeangalia kitu kilicho nyuma yangu. "Masikio," akasema. "Una masikio yake. Ulipozaliwa nikayaona masikio, nikashindwa kukushika siku nzima. Bibi yako ndiye aliyekushika."

Aliyasema hayo bila machozi. Niliyelia nilikuwa mimi; nikaangalia ziwani mpaka nikatulia, naye akajifanya anaondoa miba kwenye sahani iliyokwisha.

Simu ilipigwa baada ya siku tisa. Alikuwa katibu. Akaniambia kazi ya mpishi wa wagonjwa wamempa msichana mmoja mwenye cheti, na nikaanza kuandaa maneno ya kumfariji Mama. Lakini hakuwa amemaliza. Walikuwa wameamua kuongeza nafasi ya mpishi msaidizi, wa kushughulikia uji, supu na vyakula laini vya wagonjwa wasioweza kula vizuri. Miezi mitatu ya majaribio, na kusoma orodha atasaidiwa. "Bibi ndiye aliyesisitiza," akasema. Halafu, kwa sauti isiyo ya kiofisi: "Nisalimie mama."

Mama aliposikia aliuliza swali moja tu. "Ile barua bado wanayo?"

"Wanayo kwenye faili."

"Andika nyingine."

Nikaandika nyingine. Elimu: darasa la nne. Akaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, ikamchukua muda mrefu kuliko nilioutumia kuiandika. Alipofika mwisho akatia sahihi, herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo. Kesho yake akaipeleka mwenyewe, akamwomba katibu amrudishie ile ya zamani, akaichana mbele yake.

Miezi mitatu ilipita na hawakumwondoa. Msichana mwenye cheti, ambaye kumbe ndiye yule mwenye kikohozi, akawa anamwita mama mkubwa. Orodha ya asubuhi wakaanza kuiandika kwa herufi kubwa, na nasikia hata wauguzi wamefurahi, maana mwandiko wa zamani ulikuwa unawasumbua na wao.

Jumapili moja, Mama akiwa na likizo yake ya kwanza, aliniambia nimsindikize Kigongo. Nilidhani anakwenda kuangalia kibanda. Alinipitisha nyuma ya nyumba ya zamani ya babu, kwenye mihogo, mpaka mahali penye vilima vitatu vidogo vya udongo. Akanionyesha kile kifupi. Tukang'oa majani, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Alinifundisha jani lipi ling'olewe na mzizi na lipi linaweza kukatwa tu.

Mvua ikatukuta tukiwa bado hatujamaliza. Tukakimbilia nyumba ya jirani, naye akatukaribisha viazi vitamu vya moto. Alikuwa mwanamke aliyehamia hapo mwaka jana tu, hakutujua. Akamtazama Mama, akanitazama mimi niliyelowa, akauliza kwa ukarimu, "Huyu ndiye mwanao wa pekee?"

Mama akapuliza kiazi chake kipoe.

"Huyu ni wa pili," akasema.